Mvua kubwa haimlipi mkandarasi

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi unasema mvua ikisimamisha kazi, mkandarasi huongezewa muda na kulipwa fidia papo hapo. Si kweli. Chukua mkataba sanifu wa ujenzi uitwao Kitabu Chekundu, wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999: kifungu 8.4 kinatoa muda tu, tena kwa hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida. Kifungu 20.1 kinadai mkandarasi atoe notisi ya madai ndani ya siku 28 tangu ajue, au alipopaswa kujua, tukio hilo. Ukichelewa, haki imepotea, hata daftari la saiti likijaa vipimo vya mvua. Watu huchanganya na mwajiri kuchelewa kumkabidhi mkandarasi eneo la kazi, ambako muda na gharama hudaiwa pamoja. Fungua mkataba wako, uanze na masharti mahususi (yaliyoandikwa kwa mradi huo pekee), maana huweza kubadilisha vifungu hivyo. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Anayeuamini hukaa akisubiri malipo huku siku zake 28 zikiisha.