Kwa Nini Maji, Umeme na Mafuta Vina Mdhibiti Mmoja Zanzibar

Wananchi wengi huisikia Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA) pale bei mpya za petroli na dizeli zinapotangazwa, na si ajabu wakadhani kuwa kazi yake inaishia kwenye pampu za sheli. Sheria Namba 7 ya mwaka 2013 iliyoianzisha imeikabidhi maji, umeme, mafuta na gesi kwa pamoja.

Sababu inaonekana wazi katika visiwa kama vyetu. Unguja hupokea umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba hupokea wake kutoka Tanga. Umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009, kwa takriban miezi mitatu pampu za visima nazo zilisimama, na mwenye jenereta akategemea dizeli ili apate maji.

Kwa kuwa nyumba haiwezi kuchagua kati ya waya wa shirika hili na wa lile, mtoa huduma ya umeme hapaswi kujipangia bei peke yake; huwasilisha maombi yenye hesabu, nayo huchambuliwa kabla ya kuidhinishwa. Bei ndogo kupita kiasi nayo ina madhara, ingawa hili halipendwi kusikika, kwani shirika lisilorejesha gharama zake hushindwa kubadilisha transfoma zilizochakaa. Kwa mafuta, hesabu huanzia bei ya soko la dunia, kisha huongezwa usafirishaji, bima, kodi na faida ya wauzaji, huku thamani ya shilingi ikiathiri karibu kila hatua.

Lisilozungumzwa sana ni matangi yaliyofukiwa chini ya vituo vya mafuta. Maji yetu mengi hutoka ardhini, na sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo mafuta yaliyovuja hupenya upesi na kusafiri mbali bila kuonekana. Ndiyo maana kituo hakipaswi kujengwa popote mwenye kiwanja anapotaka, na matangi yanahitaji kukaguliwa hata baada ya leseni kutolewa. Kisima kikianza kunuka mafuta, wanaokitumia wasiyanywe wala kuyapikia maji yake, wasiwashe moto karibu nacho, na watoe taarifa siku hiyo hiyo kwa ZURA au kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar.