Chuku Isiyocheka: Jinsi Filamu ya Bottoms Ilivyojengwa

Shuleni tulifundishwa kwamba chuku ni tamathali ya kutia chumvi, na tulipokwisha kuitolea mifano miwili mitatu kwa ajili ya mtihani tukaiacha hapo. Ilikuwa baadaye, nilipoingia katika kazi ya kuhariri filamu, ndipo nilipoelewa jambo ambalo wasimulizi wa ngano wamelijua tangu zamani: chuku hufa pale msimulizi anapocheka kabla ya msikilizaji wake. Anayesimulia jinsi Abunuwasi alivyomwambia jirani kwamba sufuria yake imezaa, na siku nyingine kwamba imekufa, hasimami katikati ya kisa kutukumbusha kwamba sufuria hazizai. Anaendelea kwa uso uliotulia, na utulivu huo ndio unaotufanya tukubali kwanza uzazi, kisha msiba.

Filamu ninayotaka kuieleza leo imejengwa juu ya utulivu wa namna hiyo. Inaitwa Bottoms, ilitoka Marekani mwaka 2023, iliongozwa na Emma Seligman, na hati yake iliandikwa na yeye pamoja na Rachel Sennott. Ni vichekesho vya vijana wa sekondari, vyenye lugha chafu na ngumi nyingi, vinavyowahusu wasichana wawili wanaowapenda wasichana wenzao. Kwao ilipewa daraja la R, maana yake ni kwamba mtu ambaye hajatimiza miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi, na naona daraja hilo linaifaa. Ninawaandikia watu wazima wanaotaka kujua kichekesho kinafanyaje kazi, hasa kile ambacho watu wengi hukipuuza kwa kuwa kina matusi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. PJ, anayeigizwa na Sennott mwenyewe, na Josie, anayeigizwa na Ayo Edebiri, wanaanza mwaka wa mwisho wa sekondari wakiwa chini kabisa katika ngazi ya umaarufu. PJ amempenda Brittany na Josie amempenda Isabel, wote wawili wakiwa katika kikundi cha kuishangilia timu ya futiboli ya Kimarekani. Usiku mmoja Josie anapomwondoa Isabel kwa gari baada ya ugomvi na mpenzi wake Jeff, nyota wa timu hiyo, bampa ya gari inagusa goti la Jeff kwa wepesi kiasi kwamba hata kuku asingeumia. Jeff anaanguka akilia. Shule nzima inachukulia kwamba ameshambuliwa, na mkuu wa shule anapotishia kuwafukuza, wasichana wanajitetea kwa uongo kwamba walikuwa wakifanya mazoezi ya kujihami. Kwa kuwa uvumi unaenea pia kwamba walikaa gereza la watoto wakati wa likizo, nao hawaukanushi, wanaanzisha klabu ya wasichana ya kujifunza kupigana. Lengo lao la kweli ni kuwa karibu na Isabel na Brittany.

Angalia jinsi uongo ulivyopangwa. Hakuna hata mmoja unaosimama peke yake. Kila mmoja umezaliwa na ule uliotangulia, na kila mmoja unawapatia wasichana kitu ambacho ukweli usingewapa. Hadithi za namna hii huporomoka pale mwandishi anapoanza kuwatetea wahusika wake mapema, akituonyesha kwamba ndani ya mioyo yao ni wema. Seligman na Sennott hawakufanya hivyo. PJ ni mchoyo, mwenye kiburi, na anawatumia wenzake waziwazi. Josie anajua kwamba wanachofanya si sawa lakini anaendelea, jambo ambalo pengine ni baya zaidi. Sisi tuliokulia na hadithi za Sungura hatuna haki ya kushangaa: hakuna aliyewahi kumdai Sungura awe mfano wa kuigwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa filamu hii, na ili kuuona inabidi kurudi nyuma kidogo katika historia ya sinema ya Marekani. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 studio za Hollywood ziliongozwa na kanuni za maadili zilizojulikana kama kanuni za Hays, ambazo zilikataza mapenzi ya jinsia moja yasionyeshwe wala kudokezwa. Kanuni hizo zilipolegezwa katika jambo hilo mwaka 1961, filamu iliyopita mlangoni ilikuwa The Children's Hour ya William Wyler, kuhusu walimu wawili wa shule ya wasichana wanaozushiwa kuwa wapenzi; mmoja wao anatambua kwamba kwa upande wake uvumi ule una ukweli, na anajinyonga. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kiingilio: mhusika wa namna hiyo aliruhusiwa kuonekana mradi tu ateseke. Wakati huohuo wavulana walijengewa ukoo mzima wa vichekesho vichafu, kutoka Porky's ya mwaka 1981 hadi American Pie ya 1999 na Superbad ya 2007, ambamo walidanganya, waliaibika, walitapika, na mwisho wa yote walisamehewa. Jamie Babbit alipojaribu kuwapa wasichana kichekesho chao katika But I'm a Cheerleader mwishoni mwa miaka ya 1990, bodi ya madaraja ya Marekani iliipa kwanza NC-17, daraja linalofunga milango ya kumbi nyingi, na ikabidi aikate ili apate R. Babbit mwenyewe alilalamika hadharani kwamba vichekesho vya wavulana havikupimwa kwa mizani hiyo.

Ukiwa na historia hiyo kichwani, ubaya wa PJ unageuka kuwa zawadi. Huyu ni msichana anayempenda msichana mwenzake, na kisa hakimdai awe shahidi wala mwalimu wa mtu. Katika dakika za mwanzo yeye na Josie wanalieleza tatizo lao kwa maneno ambayo filamu ya miaka iliyopita isingethubutu kuyatoa: shule haiwachukii kwa ajili ya mapenzi yao peke yake, inawachukia kwa sababu pamoja na hayo hawana sura wala kipaji. Sentensi hiyo ni ya kikatili na inachekesha, lakini kikazi inafanya jambo kubwa, kwani inaondoa hukumu mezani mapema ili kinachobaki kiwe upumbavu wa kawaida wa binadamu, ambao kila mtazamaji anao wake.

Sasa nirudi kwenye chuku, maana hapa ndipo macho yangu ya uhariri yanapofurahi zaidi. Dunia ya filamu hii si Marekani ya kweli hata kidogo. Wachezaji wa timu hawavui kamwe sare zao za uwanjani. Wanakaa nazo darasani na kwenye chakula. Baada ya kuguswa goti, Jeff anatembea kwa magongo na shule inamhurumia kana kwamba ametoka vitani. Mkuu wa shule anawaita wasichana wetu ofisini kwa kipaza sauti cha shule nzima huku akiwatukana, na hakuna anayegeuka kushangaa. Mambo haya yamewekwa karibu na mwanzo, tena kwa wingi, kwa sababu kila hadithi ya chuku ina muda mfupi wa kumfundisha mtazamaji sheria za nchi yake. Ukichelewa, mtazamaji ataendelea kuipima kwa sheria za nchi yake mwenyewe, na damu itakapomwagika baadaye atauliza polisi wako wapi.

Jambo la pili ni kwamba kamera haionyeshi dalili ya kujua kuwa inachekesha. Mpiga picha Maria Rusche ameipiga filamu hii kama tamthilia ya kweli, na ngumi zinaacha michubuko ambayo bado ipo kwenye tukio linalofuata. Mhariri Hanna Park anakata mara tu neno la mwisho linapotoka, bila kumpa mtu nafasi ya kupigiwa makofi. Ni uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana. Mhariri anayeogopa kwamba utani hautaeleweka huweka picha ya mhusika mwingine akishangaa, kama kumwambia mtazamaji kwamba hapa ndipo pa kucheka. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo katika kazi zangu za mwanzo, na kila ninapoziona natamani kuzifungua upya. Bottoms ina dakika 91 tu. Muziki nao, uliotungwa na Charli XCX pamoja na Leo Birenberg, umechukua sauti za kielektroniki zenye hamasa na kuzitumia kwa moyo wote, kana kwamba wasichana hawa kweli wanakwenda kuikomboa nchi.

Kuna tukio moja ambalo ningependa kila mwandishi chipukizi alitazame mara kadhaa. Wanachama wa klabu wameketi kwa mduara, na PJ, ambaye anataka tu wasichana wajione wako karibu naye, anauliza kwa pupa ni nani kati yao aliyewahi kubakwa, kisha anaongeza kwamba hata yale yasiyo na jina la wazi yanahesabika. Mikono inapanda karibu yote. Swali lilikuwa la kijinga na lililoulizwa kwa nia mbaya, lakini jibu ni la kweli, na filamu hailiombolezi wala hailigeuzi kuwa mzaha wa pili. Inaliacha lipite, nasi tunabaki na hesabu ya ile mikono. Tangu hapo klabu iliyoanzishwa kwa uongo ina sababu ya kweli ya kuwapo, na waanzilishi wake ndio wa mwisho kulitambua hilo. Ile chuku yote ya mwanzo ilikuwa inaandaa nafasi hii: katika dunia ambamo kila kitu kimekuzwa kupita kiasi, hiki peke yake hakikuhitaji kukuzwa.

Mlezi wa klabu ni Bwana G, mwalimu anayesoma gazeti la waliotalikiana mbele ya wanafunzi wake, na aliyeigizwa na Marshawn Lynch, mchezaji wa zamani wa Seattle Seahawks, timu ya futiboli ya Kimarekani, aliyetwaa nayo Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi ya mchezo huo, mwezi Februari 2014. Seligman ameeleza kwamba maneno mengi ya Lynch aliyazua papo hapo, na kwamba sababu iliyomfanya akubali kazi hii ilikuwa dada yake: alipomfunulia kwamba anawapenda wanawake walipokuwa sekondari, Lynch hakulipokea vizuri, akaona filamu hii ni nafasi ya kulirekebisha. Nikimtazama sasa akiwafokea na kuwapongeza wale wasichana kwa pumzi moja, naona mtu asiyeigiza kila kitu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshaikumbuka Rafiki ya Wanuri Kahiu, na ana haki. Filamu hiyo ya Kenya kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana ilichaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2018, ikiwa ya kwanza ya Kenya kufika huko, na nyumbani ilipigwa marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ya Kenya ya kukagua filamu ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 mwezi Septemba mwaka huo, na kumbi za Nairobi zikajaa. Rafiki si filamu ya vichekesho, lakini Kahiu ndiye pia aliyebuni neno AfroBubbleGum kuitetea sanaa ya Kiafrika yenye furaha, ukali na wepesi, isiyolazimika kufundisha juu ya vita na umaskini ndipo ihesabiwe kuwa na thamani. Hoja yake na ya Seligman zinakutana mahali pamoja: matumaini yanayowatia wakaguzi hofu kuliko maombolezo yana nguvu ambayo hatujaipima sawasawa.

Filamu ina kasoro. Brittany, aliyeigizwa na Kaia Gerber, hakupewa mambo ya kutosha hadi inapofika zamu yake ya kumwambia PJ kwamba hawezi kumpenda, na mfarakano wa marafiki wawili baada ya uongo kufichuka unakwenda njia iliyozoeleka na vichekesho vya vijana. Lakini Hazel, anayeigizwa na Ruby Cruz, analipa deni hilo lote. Yeye peke yake aliiamini klabu tangu siku ya kwanza, na anapopigwa vibaya na bondia mbele ya shule nzima, ndipo uongo wa PJ unapopata uso na damu. Hapo sijawahi kusikia mtu akicheka katika chumba nilichokuwamo.

Mwisho ni chuku tupu. Timu ya shule pinzani imepanga kumuua Jeff, mwenye mzio wa nanasi, kwa kumwagia juisi ya nanasi kupitia mabomba ya kunyunyizia uwanja, na wasichana wanaingia uwanjani kupigana hadi watu wafe, huku umati ukishangilia. Kwa sheria tulizofundishwa mwanzoni, mambo yako sawa kabisa, na hakuna mhusika anayecheka. Kisha majina yanaanza kupita, na pembeni yake Seligman na Park wanatuwekea vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha: Sennott, Edebiri na wenzao wanasahau maneno, wanayazua mengine, na wanaangua kicheko ambacho walikuwa wamekizuia kwa saa moja na nusu.