Spoku Kumi na Moja na Kizibo cha Soda

Kazi yangu ni kutia sauti kwenye video, na stoo yangu kubwa ni Kamukunji, soko la jua kali Nairobi. Wiki jana nilitoka huko na spoku kumi na moja za baiskeli ya Black Mamba, kila moja nimeigonga na kuisikiliza kabla ya kulipa. Fundi akacheka: "Bosi, unanunua spoku ama kengele?"

Nilikuwa naunda marimba ya vidole. Unaponda ncha ya spoku kwa nyundo hadi iwe bapa, kisha unaibana juu ya debe. Kilichonitatiza ni kipimo. Uzi wa gitaa ukiukata nusu, sauti hupanda oktava moja. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja hupanda mbili! Kwa hiyo ukitaka oktava moja, ulimi wa sentimita 10 unaushusha hadi 7 na kidogo tu. Nilizikata spoku nne fupi mno ndipo hesabu ya gitaa ikanitoka kichwani.

Mlio wake ni mdogo, basi nikabandika piezo: kile kisahani chembamba kinacholia ndani ya saa ya kengele. Umeme hukifanya kilie. Nacho kikitikiswa hutoa umeme. Lehemu waya mbili, chomeka kwenye mashine ya kurekodi. Kinasikia debe lenyewe kuliko hewa, kwa hiyo honi za matatu dirishani hazinisumbui. Ila chomeka kwenye tundu la gitaa. Kwenye tundu la maikrofoni besi yote inapotea, ubaki na mlio wa bati kavu.

Walioniondolea woga wa mkwaruzo, yaani sauti kukwaruza inapokuzwa, ni kundi la Konono No. 1 la Kinshasa. Likembe zao, ambazo ni marimba ya vidole vilevile, walizitia vinasa sauti vya kujitengenezea, kwa sumaku za vipuri vikuukuu vya magari, ili wasikike katikati ya makelele ya jiji. Mkwaruzo ukaja wenyewe, nao hawakuufukuza; albamu yao ya 2004 ndiyo iliyoufikisha mbali. Hapa kwetu msanii Cyrus Kabiru anaunda miwani kwa vitu vya kuokota, na ninachokipenda ni kwamba waya bado unaonekana ni waya. Mwanamuziki KMRU naye hurekodi sauti za mazingira na kuzifanya muziki. Msikilize kwa hedifoni, spika ya simu itamwonea.

Picha za video ya mteja nazo nilizipiga moja moja, nikisogeza spoku kidogokidogo: picha 12 kwa sekunde, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Sekunde 40 ni picha 480. Mgongo wangu bado unazikumbuka.

Kwenye kona ya debe nilifunga kizibo cha soda kikiwa kimelegea, kikawa kinatetemeka na kuvuma kila ulimi mrefu ukiguswa. Mteja anaomba kitolewe, ati ni hitilafu. Nimempelekea video mbili, yenye kizibo na isiyo nacho, bila kumwambia ipi ni ipi. Hadi leo asubuhi hajajibu.