Paka wa nyumbani si mtoto wa chui
Hapa Dodoma hukosi mtu wa kumwonyesha paka aliyejilaza kibarazani na kusema, "Huyu ni chui aliyedumaa." Kufanana wanafanana, ila ukoo wa chui na simba uliachana na wa paka wadogo zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Babu halisi ni kimburu, paka pori ambaye bado yupo katika vichaka vyetu vikavu: miguu mirefu, nyuma ya masikio rangi ya kutu, mkia wenye pete na ncha nyeusi.

Si kwamba alifugiwa kwetu, lakini. Utafiti wa mwaka 2007 ulilinganisha vinasaba vya paka 979, wa kufugwa na wa porini, na asili ya wale wa nyumbani ikaangukia kwa vimburu wa Mashariki ya Kati. Wakulima wa kwanza huko walirundika nafaka, panya wakaja, paka akafuata panya. Mwenye kilindo cha mtama hahitaji kuelezwa zaidi. Kisiwani Kupro alifukuliwa paka aliyezikwa kando ya mtu miaka 9,500 hivi iliyopita.

Na ile tabia yake ya kunywa maji kidogo? Ameirithi ukameni.