Serendipity si bahati tu: dhana potofu kuhusu neno la Walpole

Maneno ya Kiingereza ambayo tunajua aliyeyabuni, siku aliyoyaandika na barua aliyoyatia ni machache mno. Serendipity ni mojawapo. Pamoja na hayo, linazushiwa kuliko mengi yasiyo na cheti cha kuzaliwa. Wengi hulitumia kama jina la fahari la bahati, wengine husema ni neno la kale kutoka Sri Lanka, na wapo wanaolinasibisha na utulivu wa moyo.

Dhana: Maana yake ni bahati nzuri

Tarehe 28 Januari 1754, Mwingereza Horace Walpole, mwana wa Robert Walpole aliyewahi kuwa waziri mkuu, alimwandikia rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza huko Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa Venice aliyeolewa na Francesco wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana. Walpole, katika kupekua kitabu cha nembo za koo za Venice, alikuta nembo mbili za ukoo wa Cappello, moja ikiwa na ua la yungiyungi juu ya duara la buluu. Alama hiyo aliijua kuwa ya Medici, na papo hapo akakata shauri kwamba ilitolewa kwa heshima ya ndoa ile. Ugunduzi wa namna hiyo, akamwambia Mann, yeye huuita serendipity, kwa kukumbuka hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka, waliokuwa kila waendako wakigundua mambo wasiyoyatafuta, kwa sadfa na kwa werevu.

Nusu ya pili, werevu, ndiyo iliyopotea njiani. Walpole alikaza fundo zaidi: ukigundua kitu ulichokuwa unakitafuta, hilo halihesabiki. Basi neno lina masharti matatu. Kwanza, hukuwa ukilitafuta jambo lenyewe. Pili, dalili yake ilijitokeza bila wewe kuipanga. Tatu, uliitambua dalili ukaelewa inaonyesha nini. Likikosekana sharti la kwanza, huo ni utafiti uliofanikiwa. Likikosekana la tatu, ni sadfa tupu.

Mtu aliyeokota dodo chini ya mwarobaini ana bahati, na msemo wetu unaishia hapo. Akitazama alama za meno kwenye ganda, akang'amua kuwa tumbili wamepata njia ya kuingia shambani kwa jirani, hapo ndipo neno la Walpole linapoanza.

Dhana: Wana wa mfalme waliangukia hazina

Hawakuokota hata senti, na ugunduzi wao wa kwanza uliwatia gerezani. Hadithi ilichapishwa Venice mwaka 1557 kwa Kitaliano, kwa jina la mfasiri Christoforo Armeno, lakini mizizi yake ni ya Kiajemi: mshairi Amir Khusrau wa Delhi aliisimulia mwanzoni mwa karne ya 14.

Mambo yalikwenda hivi. Ndugu watatu wako safarini katika nchi ya mfalme Beramo, wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamuuliza: ngamia wako ana chongo? Ana pengo la jino? Anachechemea? Mwenye ngamia anaona amepata mashahidi, anarudi njiani kutafuta, hapati kitu. Walipokutana tena wakamwongezea: alibeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili, na juu yake alipanda mwanamke mjamzito. Hapo akaamini kwamba hao ndio wezi, akawashtaki kwa mfalme.

Ngamia hawakuwahi kumwona. Majani ya njiani yalikuwa yameliwa upande uliokuwa na malisho hafifu, na upande mzuri haukuguswa. Mnyama mwenye macho mawili hafanyi hivyo. Matonge ya majani yaliyotafunwa yalidondoka kwa ukubwa wa jino moja. Nyayo zilikuwa za miguu mitatu, wa nne ukiburutwa. Sisimizi walijaa upande mmoja kufuata mafuta, nzi upande mwingine kufuata asali. Na pale ngamia alipopiga magoti palikuwa na alama za viganja vya mwanamke aliyejisaidia kwa mikono kuinuka, kama afanyavyo mwenye mimba nzito. Ngamia alipopatikana, wakaachiwa.

Walpole mwenyewe hakukumbuka sawasawa. Katika barua yake ngamia amegeuka nyumbu, mnyama wa mizigo, na dalili zote zimebaki moja tu, ya jicho. Mfano huo pia unayumba ukiupima kwa masharti yake mwenyewe, maana kusoma nyayo ni hesabu ya akili zaidi kuliko ajali. Neno lilizaliwa na kilema kidogo, na ubishi kuhusu maana yake haukuanza jana.

Dhana: Ni neno la kale la Kisinhala

Serendip ndilo la kale. Serendipity ni la Walpole. Mwanzo ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India: Simhaladvipa, yaani kisiwa cha Wasinhala. Mgiriki Kosmas aliliandika Sielediba katika karne ya 6. Waarabu na Waajemi wakasema Sarandib, l ikigeuka r. Sehemu ya mwisho, dvipa, ndiyo ile ile iliyomo katika jina la visiwa vya Lakshadweep. Jina Ceylon, lililotumika rasmi hadi 1972, nalo linatokana na shina hilo hilo la Simhala.

Sarandib si jina geni kwa msomaji wa pwani yetu. Katika simulizi za Kiislamu ndiko Nabii Adam alikoshukia, na Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika kisiwani humo mwaka 1344 akapanda mlima wenye alama inayosemwa kuwa unyayo wa Adam. Safari ya sita ya Sindbad huishia huko huko.

Wanaodai kwamba neno linatokana na lile la Kiingereza lenye maana ya utulivu, serenity, wamedanganywa na sauti. Lile ni la Kilatini, na hayana udugu wowote.

Dhana: Penisilini ilikuwa bahati tupu

Huu ndio mfano unaotajwa kuliko yote, na karibu kila mara husimuliwa nusu. Alexander Fleming alirudi maabara ya hospitali ya St Mary's, London, tarehe 3 Septemba 1928 akitoka likizo. Kwenye sahani moja ya bakteria aina ya stafilokoki palikuwa na kuvu, na kuizunguka kuvu hiyo bakteria walikuwa wameyeyuka.

Sadfa ilikuwepo, tena ngumu kuirudia. Penisilini, dawa itokanayo na kuvu hiyo, huua bakteria wanapokuwa wanakua. Kundi lililokwisha kukomaa hailiyeyushi. Hivyo kuvu ilipaswa kutangulia. Kuvu hupenda ubaridi wa nyuzi 20 hivi, stafilokoki hupenda 37. Ronald Hare, aliyewahi kufanya kazi katika maabara hiyo, alionyesha baadaye kwamba siku za baridi mwanzoni mwa likizo ziliipa kuvu nafasi, ndipo joto likawaamsha bakteria. Ukiweka sahani moja kwa moja kwenye joto la 37, huoni kitu.

Lakini sahani zilizoota kuvu zilikuwa zikitupwa kila siku katika maabara za dunia nzima. Fleming alisita kwa sababu miaka michache kabla alikuwa amegundua lisozaimu, kimeng'enya cha kwenye kamasi na machozi kinachoyeyusha bakteria. Jicho lake lilishajua sura ya bakteria wanaoyeyuka.

Timu ya Oxford chini ya Howard Florey, iliyoigeuza penisilini kuwa dawa, kwa upande mwingine, haimo kabisa katika neno hili. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya 8 bakteria wa kuua, 4 wakapewa penisilini. Asubuhi yake wale 4 wasiopewa walikuwa wamekufa. Hapo hapakuwa na ajali: walijua wanatafuta nini. Kuwaita wote wenye bahati ni kuwadhulumu.

Columbus naye hutajwa sana. Kwa masharti ya Walpole sioni namna ya kumpitisha: alifariki 1506 akishikilia kwamba alifika Asia. Dalili aliipata, maana yake ikampita.

Dhana: Limekuwa likitumika tangu 1754

Lilikaa ndani ya barua. Barua za Walpole kwa Mann zilichapwa 1833, miaka 79 baadaye, na hata hapo neno halikuchukuliwa na wengi. Mwaka 1875 Edward Solly, mkemia na mpenzi wa vitabu, alilipeleka kwenye jarida la Notes and Queries, likawa la wakusanyaji wa vitabu vya zamani: kupata dukani kitabu adimu ambacho hukukitafuta. Wanasayansi walilipokea karne ya 20. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alilipa sura nzima katika kitabu chake cha 1945, na mwanasosholojia Robert Merton akaandika historia yake pamoja na Elinor Barber, muswada wa 1958 uliokaa sandukuni hadi 2002. Matangazo ya biashara na filamu ya mapenzi ya Hollywood ya 2001 vililimalizia safari: werevu ukaondolewa, ikabaki kukutana kwa raha.

Anayelifasiri kwa Kiswahili, basi, aangalie kwanza mwandishi ni nani. Kwenye tangazo la hoteli, "bahati" inatosha. Kwenye makala ya sayansi, "ugunduzi wa sadfa" ni karibu zaidi, mradi sentensi inayofuata imtaje aliyeitambua dalili na alichokijua kabla.

Dhana: Halina kinyume

Mwandishi William Boyd alikitunga katika riwaya yake ya 1998: zemblanity, kugundua mabaya uliyoyategemea, tena kwa kuyaandaa mwenyewe. Alilitoa kwenye visiwa vya Novaya Zemlya, vya barafu, kaskazini mwa Urusi, ambako Wasovieti walijaribia mabomu ya nyuklia. Bado ni adimu, kama lilivyokuwa la Walpole kwa muda mrefu.