GBDK-2020: mchezo wa Game Boy ukizidi kilobaiti 32

GBDK-2020 ni mkusanyiko wa zana za bure za kuandikia michezo ya Game Boy kwa lugha ya C. Kuuweka hakuna kazi: fungua zipu, ingia folda ya bin, andika `lcc -o mchezo.gb main.c`, romu, yaani faili la mchezo, hiyo imetoka.

Matatizo huanza kwenye nafasi. Mashine ina kilobaiti 8 za kumbukumbu ya kazi, basi. Jedwali la picha ulilosahau kuliwekea `const`, neno linaloiacha data ikae kwenye romu, hunakiliwa humo mchezo unapowaka. Kigae, kipande cha picha cha pikseli 8 kwa 8, ni baiti 16, kwa hiyo vigae 256 vimekula nusu ya kumbukumbu, ilhali vingekaa kwenye romu bila kudai kitu.

Romu ikizidi kilobaiti 32 unahitaji kaseti yenye chipu ya kubadilisha benki, yaani vipande vya romu. Mimi huchagua chipu ya MBC5. Kila benki ni kilobaiti 16. Benki 0 haiondoki, nyingine hupokezana kwenye anwani 0x4000 hadi 0x7FFF. Ongeza `-Wm-yt0x19 -Wm-yoA -autobank` kwenye lcc, weka `#pragma bank 255` juu ya faili, na funksheni itakayoitwa kutoka nje ipe neno `BANKED`, kwenye hedha pia. Ukilisahau, kompaila hailalamiki. Mchezo utaenda vizuri maadamu funksheni inayoita na inayoitwa zimeangukia benki moja, kisha siku unaongeza picha mpya, kigawaji cha benki (`-autobank`) kinazihamisha na skrini inajaa takataka. Utailaumu picha bure.

Data nayo huitiwa `SWITCH_ROM(BANK(picha))` kabla ya kusomwa, ikiwa na `BANKREF(picha)` kwenye faili lake. Lakini usibadilishe benki ukiwa ndani ya msimbo ulio kwenye benki inayoondolewa: huko ni kukata tawi ulilokalia. Iandike hiyo funksheni `NONBANKED`, ikae benki 0, na irudishe benki ya awali ikimaliza.

Spraiti, picha inayosogezwa juu ya mandhari, isiyoonekana mara nyingi haina kosa lolote. Kona ya juu kushoto ni `move_sprite(0, 8, 16)`. Ukiweka 0, 0 imejificha nje ya skrini. Na zikizidi 10 kwenye mstari mmoja, za ziada hazichorwi.

Vigae vipakie kwa `set_bkg_data`, si kwa pointa yako mwenyewe. Skrini inapochorwa, kumbukumbu ya picha hufungwa na unachoandika kinapotea kimyakimya. Emuleta legevu, programu inayoiga mashine, hukusamehe hilo. Game Boy yenyewe haisamehe.