"Mheshimiwa, huku kwetu ni baridi": dhana potofu tunapowaeleza viongozi kuhusu tabianchi na afya

Dhana: Nyanda za juu ni baridi, haya mambo ni ya watu wa pwani.

Baridi ndiyo iliyotukinga na malaria miaka yote, na ndiyo inayopungua. Vimelea vya malaria lazima vikomae ndani ya mbu kabla hajaanza kuambukiza. Kwenye nyuzi joto 25 huchukua kama siku 12. Kwenye 20, karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Nyuzi moja au mbili zikiongezeka, mtu wa Makete, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, bado atavaa sweta lake, lakini kwa mbu mambo yamebadilika kabisa. Tena watu wa huku hawana kinga inayojengeka kwa kuumwa malaria mara kwa mara, kwa hiyo malaria ikipanda mlima hulaza hata watu wazima. Nikimweleza diwani hivi, anauliza maswali. Nikisema "ongezeko la joto duniani", anaitikia kwa kichwa na tunahamia ajenda inayofuata.

Dhana: Suala la tabianchi ni la afisa mazingira.

Nenda Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, wakati wa masika. Maji ya ardhini yako juu, choo cha shimo kinafurika, kisima kiko hatua chache tu. Kinachofuata kinaandikwa na muuguzi kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya takwimu za wagonjwa ya zahanati: kuhara, kuhara, kuhara.

Dhana: Takwimu kubwa ndizo zinazoshawishi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 250,000 vya ziada kwa mwaka kati ya 2030 na 2050. Ni jambo zito, lakini diwani ana kata, hana dunia. Safari moja nilibeba karatasi moja tu: mvua ya kila mwezi, na chini yake wagonjwa wa kuhara wa zahanati ya kwake. Aliweka kidole kwenye Februari. "Huu ndio mwezi daraja letu lilikatika." Sikuhitaji kuongeza neno.

Dhana: Ukitia chumvi kidogo, wataelewa haraka.

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Ukame unaweza kuzidisha hali hiyo, ila Iringa ni mkoa wa chakula. Ulishaji wa watoto na magonjwa ya mara kwa mara vina sehemu yake. Ukiibebesha tabianchi lawama zote, diwani mwenye ghala la mahindi atakukatalia, na haki itakuwa yake. Mwaka ujao hatakusikiliza hata ukileta la kweli tupu.

Dhana: Mlipuko wa ugonjwa ukitokea watasikia wenyewe.

Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mlipuko wa Machi huikuta rasimu ya bajeti ya halmashauri imeshaandaliwa. Karatasi yako iwe mezani mapema, kabla mvua hazijakolea, ikiwa na bei kwa shilingi: dawa ya kutibu maji, kuinua vyoo vya zahanati, mafuta ya gari la chanjo. Nimeona ombi la maana likirudishwa kwa sababu tu mwombaji hakuandika kiasi.